Kutoka Kipande Hadi Shairi: Mwongozo wa Kufundisha Wanafunzi Kutunga Tenzi, Tarbia, Ngonjera na Mashairi Huru

Mwanafunzi wa sekondari anaweza kukutajia bahari (aina za mashairi) kumi bila kusita: tathnia, tathlitha, tarbia, takhmisa, ukara, ukaraguni, pindu na kuendelea. Mpe karatasi tupu umwambie atunge ubeti mmoja tu wa tarbia, na kalamu inasimama. Amezoea kuchambua mashairi ya wengine kwa ajili ya mtihani, na bahari kwake ni majina ya kukariri. Hajawahi kuusikia mshororo (mstari wa shairi) ukikaa sawa kinywani mwake mwenyewe.

Mwongozo huu umepangwa kwa vipindi 14 vya dakika 40. Msingi wake ni mmoja: anza na kipande cha mizani nane, yaani kifungu cha maneno chenye silabi nane, usianze na ubeti, na usianze na majina. Mwanafunzi akishakimudi kipande hicho, bahari nyingi za Kiswahili zinabaki kuwa suala la kukipanga kwa namna tofauti. Vipande vinne vikipangwa kimoja chini ya kingine vinatoa ubeti wa utenzi. Viwili vikiunganishwa vinatoa mshororo wa shairi, na mishororo minne ya aina hiyo inatoa tarbia.

Vipindi 1 na 2: Sikio kabla ya kalamu

Mizani ni hesabu ya silabi, na hapa ndipo darasa linapopotea mapema. Walimu wengi huwaambia wanafunzi waweke kiganja chini ya kidevu na kuhesabu kila kidevu kinaposhuka. Njia hiyo inafaa kwa "kalamu" au "barua", lakini inafeli kwa "mtu" na "mlima", kwa sababu "m" hutamkwa midomo ikiwa imefungwa na kidevu hakisogei. Tumia makofi, au kidole kikigonga dawati.

Andika ubaoni maneno yanayotatiza na myapige makofi pamoja:

- mtu (m-tu), 2; mlima (m-li-ma), 3
- mbu (m-bu), 2. Mbuzi (mbu-zi), 2
- nchi (n-chi), 2. Ndege (nde-ge), 2
- mvua (mvu-a), 2; mvuvi (m-vu-vi), 3
- ng'ombe (ng'o-mbe), 2. Mwanafunzi (mwa-na-fu-nzi), 4
- kaa (ka-a), 2. Maarifa (ma-a-ri-fa), 4

Tulieni kwenye "mvua" na "mvuvi". Katika "mvuvi", m ni kiambishi cha ngeli ya mtu, kwa hiyo inasimama peke yake kama silabi. Katika "mvua" imeshikamana na v. Ndiyo sababu neno "mbaya" lina mizani tatu tukisema "mtu mbaya", na mbili tukisema "njia mbaya". Mwanafunzi akilielewa hili hatahitaji kukariri orodha, ila maneno mafupi kama "mbu" na "nchi".

Kuna maneno yenye asili ya Kiarabu ambayo konsonanti mbili zinafuatana: labda, daftari, ardhi. Wapo wanaohesabu la-b-da, mizani tatu, na wapo wanaohesabu lab-da, mbili. Chagueni njia moja darasani na mshikamane nayo. Kwa vipindi vinne vya mwanzo, bora maneno hayo yasitumike kabisa.

Kipindi cha pili ni cha kughani, yaani kusoma shairi kwa mahadhi. Chukua mahadhi yoyote ambayo wanafunzi wanayajua, ya kaswida, ya kwaya au ya mchezo wa kuruka kamba, mradi yanakaa kwenye mapigo manane. Waghani vipande vilivyo sahihi, kisha uwapenyezee kimoja chenye mizani saba na kingine chenye tisa. Saba kinaacha pengo, na tisa kinamlazimisha mghani kukimbiza silabi. Mwanafunzi anayelisikia pengo hilo hatategemea vidole maisha yake yote.

Kipindi cha 3: Kipande cha mizani nane

Anza na sentensi ya kawaida, ya nathari: "Mvua imechelewa mwaka huu na mahindi yamenyauka shambani." Waulize: ni mambo mangapi hapa? Mawili, mvua na mahindi. Kila jambo lipate kipande chake.

"Mvua imechelewa" ina mizani saba. Imebaki moja. Mwanafunzi ataongeza "sana" na kufikisha tisa, au atatia "ee" mwishoni. Hapa mwoneshe nguvu iliyomo ndani ya kitenzi cha Kiswahili: kinarefuka na kufupika bila kuazima neno la nje. "Mvua imetukawia" ni nane kamili, na ile "-tu-" haikuja kujaza nafasi, imetuambia ni akina nani wanaoumia. "Mahindi yamenyauka" nayo ni nane bila kuguswa.

Andika ubaoni ngazi ya kitenzi kimoja:

- yanyauka, 4
- yamenyauka, 5
- yameshanyauka, 6
- yamekwisha kunyauka, 8

Kila mwanafunzi achukue vitenzi vitatu vyake na kuvipandisha ngazi hivyo hivyo. Zoezi hili lipewe muda wa kutosha, hata dakika 20. Anayelimudu haokoti tena "hakika", "kweli", "jamani" na "nawaambia" kila anapopungukiwa silabi. Maneno hayo ni viraka, na kuyagundua ni rahisi: lifute neno, soma tena. Maana ikibaki ileile, lilikuwa kiraka.

Kazi ya nyumbani ni vipande kumi vya mizani nane kuhusu kitu kimoja kinachoonekana kutoka mlangoni kwao. Marufuku kuandika kuhusu elimu, amani, upendo, UKIMWI au umoja wa taifa. Mada hizo ni nzito na zina heshima yake, lakini mwanafunzi anayeanza nazo huandika kaulimbiu za mabango. Atazirudia baadaye akiwa na macho.

Kipindi cha 4: Hazina ya vina

Kina ni silabi ya mwisho inayofanana, ya kipande au ya mshororo. Kabla ya kutunga, kila mwanafunzi afungue kurasa mbili nyuma ya daftari na kuziita hazina ya vina. Kila silabi ipate safu yake, na maneno yapangwe kwa aina: nomino upande mmoja, vitenzi upande mwingine. Kwa mfano:

- mba: bomba, kamba, chumba, mwamba, pamba; omba, imba, chimba, tamba
- ki: nyuki, mkuki, rafiki, samaki, haki, dhiki
- ka: nyika, duka, shuka, mwaka, paka, anguka, pasuka, zunguka

Lengo ni maneno 20 kwa kila silabi, kwa silabi tano. Wakikwama, wapitie kamusi au wawaulize wazee nyumbani. Mtoto wa Lamu au Mombasa ana bahati hapa, kwa kuwa anayo "ndia" pale mwenzake wa bara ana "njia", na ushairi unamruhusu kuitumia lahaja yake.

Vina vya "-ni" vya mahali (nyumbani, sokoni, njiani) ni vyepesi mno. Waruhusu navyo mwanzoni wapate ujasiri, na kuanzia kipindi cha tisa uvipige marufuku. Kadhalika vina vya mnyambuliko, kama "-ana" ya kutendana. Ubeti mmoja wa pendana, gombana na patana unapendeza, lakini beti tano mfululizo zinamchosha msikilizaji, kwa sababu mlio ni uleule unaotoka mahali palepale.

Vipindi 5 na 6: Utenzi

Vitabu vingi vya shule vinaanza na tarbia. Sisi tunashauri utenzi, kwa sababu mshororo wake ni kipande kimoja tu, mizani nane, na mwanafunzi hahangaiki na vina vya kati. Muundo wake: mishororo minne, mitatu ya mwanzo ina kina kimoja kinachobadilika kila ubeti, wa nne una kina kingine kisichobadilika kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Hicho cha nne huitwa kina cha bahari, na ndicho kinachoufunga utenzi mzima.

Hatua ni hizi. Kwanza, chagueni tukio, kwani utenzi husimulia. Pili, ligaweni katika hatua kumi, kila moja kwa sentensi fupi ya nathari: ubeti mmoja kwa hatua moja. Tatu, chagueni kina cha bahari na muandike maneno yasiyopungua 15 ya kina hicho, maana beti kumi zinahitaji kumi na lazima pawepo na ya kuchagua. Nne, tungeni mshororo wa nne wa kila ubeti kabla ya mingine mitatu. Mwanafunzi anayeanza juu hufika mshororo wa nne akiwa amekwishasema yote, akabaki anatafuta neno lolote la kufungia.

Mfano wa ubeti:

Mahindi yamenyauka,
Udongo umepasuka,
Na ng'ombe wanaanguka,
Hapana kitu ghalani.

Mizani ni sahihi, vina ni sahihi. Hata hivyo mishororo mitatu yote imekwisha kwa kitenzi, na vitenzi vyote vinaishia "-uka". Waulize wanafunzi ni mshororo upi ungebadilishwa, na watafute nomino yenye "ka" kwenye hazina zao:

Mahindi yamenyauka,
Udongo umepasuka,
Ni vumbi juu ya nyika,
Hapana kitu ghalani.

Mshororo wa tatu sasa umetoa picha pana kabla ya wa nne kurudi ndani ya ghala. Ubeti unaofuata ubadili vina vitatu na kubakiza "ni":

Wazee wakakutana,
Wote wakaulizana,
Jibu likakosekana,
Hadi jua la jioni.

Angalia "wakakutana, wakaulizana": kiambishi "-ka-" kinasukuma hadithi mbele. Wanafunzi wengi huandika utenzi wote kwa "-me-" na "-na-", hadithi ikasimama palepale. Ukiona utenzi umekwama, tazama viambishi vya wakati kwanza.

Darasa likiwa na wanafunzi 50 au 60, waweke katika vikundi vya watano na kila mmoja achukue hatua mbili za hadithi. Unapata tenzi 10 au 12 za beti kumi, na unaweza kuzisahihisha kwa siku moja.

Vipindi 7, 8 na 9: Tarbia

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na vipindi vitatu visipunguzwe. Mshororo sasa una vipande viwili, ukwapi na utao, mizani nane kwa nane. Ubeti una mishororo minne: mwanzo, mloto, mleo na kituo. Kituo kikirudiwa kila ubeti huitwa kibwagizo au mkarara. Kisiporudiwa ni kiishio.

Kipindi cha kwanza chote ni cha kutunga kibwagizo, na hakuna kinachoandikwa kabla yake. Mshororo huo utasikika mara tano au sita, kwa hiyo ukiwa dhaifu shairi zima linadhoofika. Kibwagizo cha "Maji ni uhai wetu, tuyatunze kwa pamoja" kina mizani 16 kamili na hakimwachi msikilizaji na chochote, kwani kimekwishaandikwa kwenye kila tangi la maji. Mwambie mwanafunzi aende bombani na kuangalia. Anaona nini?

Ndoo tupu zimepangwa, bomba halisemi neno.

Mizani 16, na hakuna anayehubiri. Kibwagizo kizuri kina sifa tatu: kinasimama peke yake kikisomwa, kinaweza kufuata beti zenye hoja tofauti, na kinabeba picha au swali. Kila mwanafunzi alete vibwagizo vitatu, na jirani yake amchagulie kimoja.

Kipindi cha pili ni cha ubeti wa kwanza. Chagueni kina cha kati na kina cha mwisho kutoka kwenye hazina, myaandike maneno matatu matatu pembeni, kisha mjenge mishororo kuelekea kwenye maneno hayo:

Jogoo bado kuwika, akina mama njiani,
Watoto wakizinduka, hakuna maji nyumbani,
Foleni imezunguka, yafika hadi sokoni,
Ndoo tupu zimepangwa, bomba halisemi neno.

Hakikisheni kipande hakimegi neno wala hakigawi wazo vibaya. Kosa la kawaida ni mshororo wenye jumla ya 16 ambao umegawanyika saba kwa tisa. Mwanafunzi atakwambia jumla iko sawa, na hesabu inamuunga mkono, lakini mghani hamuungi. Mwagize aandike idadi juu ya kila kipande, si mwisho wa mshororo.

Kosa jingine ni kutengeneza mizani na kudhani shairi limepona. Chukua mshororo huu: "Elimu ni kitu kizuri, tusome sana jamani." Ukwapi una tisa. Ondoa "ni" upate "Elimu kitu kizuri", nane sawasawa, na bado mshororo hauna uhai. Muulize: elimu hiyo umeiona wapi, usiku gani, mkononi mwa nani? Akijibu kwa picha, anapata kitu kama "Kibatari chafifia, naye bado anasoma", na sasa anao mshororo.

Kipindi cha tatu ni cha kuliendeleza shairi hadi beti tano. Kabla ya kutunga, kila ubeti uandikiwe wazo lake kwa sentensi moja. Bila mpango huo, beti ya pili hadi ya tano hurudia ya kwanza kwa maneno mengine. Hapa pia mwanafunzi aamue mpangilio wa vina, na aamue kwa kuhesabu. Akitaka mtiririko, vina vya kati na vya mwisho havibadiliki, kwa hiyo beti tano zinadai maneno 15 ya kina cha kati na mengine 15 ya kina cha mwisho. Akitaka ukara, upande mmoja unabaki na mwingine unabadilika. Akitaka ukaraguni, pande zote mbili zinabadilika, na kila ubeti unahitaji maneno matatu kwa matatu tu. Anayeanza aanze na ukaraguni. Mtiririko ni mzuri kusikia, lakini ukimpa mwanafunzi asiye na hazina ya kutosha utamvuruga maana, kwa sababu vina ndivyo vitakavyoamua atakachosema.

Uhuru wa mshairi, na mipaka yake

Sasa, si mapema zaidi, wafundishe uhuru wa mshairi. Ukiutangulia ustadi, unageuka kisingizio. Inkisari ni kufupisha neno: "aliyekuja" (5) kuwa "alokuja" (4). Mazida ni kulirefusha: "enda" kuwa "enenda". Tabdila hubadili sauti bila kugusa idadi ya mizani: "dunia" kuwa "duniya", ili kina kiwe "ya". Kuboronga sarufi ni kupangua mpangilio wa maneno: "bomba halisemi neno" kuwa "halisemi neno bomba" pale kina kinapodai "mba".

Weka sheria ya darasa: uhuru mmoja kwa ubeti, na mwanafunzi awe tayari kusema kwa nini. Neno lisilotambulika baada ya kukatwa lirudishwe. Akikata kiambishi na msikilizaji akashindwa kujua nani alitenda, amekata kisichokatwa.

Kipindi cha 10: Kubadili umbo

Mwanafunzi mwenye tarbia mkononi hahitaji kutunga upya ili ajue bahari nyingine. Achukue shairi lake alipe sura mpya.

Tathlitha: aondoe mshororo mmoja, ibaki mitatu. Atakayechagua vizuri atagundua kwamba mleo wake haukuwa na kazi. Tathnia: ibaki miwili. Hili ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa wazo lote linakaa kwenye mizani 32.

Msuko: kibwagizo kifupishwe kuliko mishororo mingine. Badala ya mizani 16, kiwe "Bomba halisemi neno", nane tu. Ghanini matoleo yote mawili mfululizo. Ule mkato wa ghafla wanafunzi huupenda mara moja, nasi tunauona kuwa mlango mzuri zaidi wa kuwaonesha kwamba umbo lina maana.

Pindu: maneno ya mwisho wa ubeti yaanze ubeti unaofuata. Baada ya "bomba halisemi neno", ubeti wa pili unafunguka: "Neno lipo kwa mwenyewe, aliyeshika funguo." Pindu ni dawa ya shairi ambalo beti zake hazishikani. Kikwamba, ambacho neno moja huanza kila mshororo au kila ubeti, ni chepesi na kinatosha dakika kumi.

Takhmisa ina mishororo mitano. Katika desturi ya zamani mshairi huchukua mishororo ya mwenzake na kuitanguliza mitatu ya kwake. Ifanyeni hivyo wawili wawili: wa kwanza atunge tathnia, mwenzake aongeze mishororo mitatu mwanzoni kwa kufuata vina vilevile. Mtihani ni kwamba anayesikiliza asijue mshono uko wapi.

Kipindi cha 11: Ngonjera

Ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizieneza Tanzania katika miaka ya 1960, ni majibizano yaliyotungwa ili yaigizwe. Pande mbili zinapingana na mwisho zinafika kwenye muafaka. Zinafaa sana kwa darasa kubwa na kwa sherehe za shule, na ndiyo sababu zimechoka: upande mmoja unakuwa mjinga kabisa, wa pili una hekima yote, na hakuna mvutano.

Anzeni kwa kutafuta mgogoro ambao pande zote zina haki. Mama wa foleni anasema, "Ndoo tupu zimepangwa, bomba halisemi neno." Mwenye bomba naye ana kibwagizo chake: "Bomba halijilipii, mashine yala umeme." Kila upande upate beti nne, wakipokezana. Sharti ni moja tu: kila ubeti udake neno moja kutoka ubeti wa mpinzani na kulijibu. Bila sharti hilo mnapata mashairi mawili yanayosomwa kwa zamu. Muafaka uwe ubeti mmoja, ughaniwe na wote, na uwe makubaliano mahususi: saa ngapi, bei gani, nani anashika ufunguo.

Vipindi 12 na 13: Shairi huru

Mwandishi Mtanzania Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani yake ya kwanza mwaka 1974, bila kufuata vina na mizani, mjadala kati ya wanamapokeo (waliotetea vina na mizani) na wanamapinduzi (waliotetea shairi huru) ulikuwa mkali. Ukiwapa wanafunzi pande zote mbili za mjadala huo wajadiliane, ni kipindi chenye faida. Katika kutunga, tunaliweka shairi huru mwisho kwa sababu ya kiufundi. Mwanafunzi aliyepitia vipande vya nane anajua kila mkato una uzito; asiyepitia huandika aya ya insha na kuikata mistari anapofika katikati ya ukurasa.

Kipimo ni hiki: liandike shairi kama aya moja, bila kukata mistari. Lisipopoteza kitu, ni nathari. Linganisha:

Bomba.
Ndoo kumi na tisa.
Mama wa mwisho
anahesabu migongo, si ndoo.

Ukiunganisha mistari hiyo, ule mstari wa kwanza wenye neno moja unapoteza ukimya wake, na "mama wa mwisho" hasubiri tena. Zoezi: kila mwanafunzi achukue tarbia yake, achague picha tatu tu zenye nguvu, na kutupa mengine yote. Mistari isizidi 12. Kila mkato auelezee kwa mdomo: kwa nini hapa? Kukiwa na jibu, mkato ubaki. Takriri (kurudia neno) itumike kwa kiasi. Ikizidi mara tatu iwe na kitu kipya inachokibeba kila irudipo.

Kipindi cha 14: Kusahihisha

Sahihisheni kwa sikio. Mtunzi haghani shairi lake. Analighani mwenzake, mtunzi anafuata kwa kalamu na kuweka alama kila msomaji anapojikwaa. Mtunzi akighani mwenyewe huvuta na kubana silabi bila kujua, makosa yakafichika.

Mpangilio wa kusahihisha ni maana, kisha mizani, kisha vina, kisha tahajia. Mwalimu anayeanza na kalamu nyekundu kwenye tahajia humfanya mwanafunzi atengeneze maneno ya mshororo ambao pengine ulipaswa kufutwa.

Kwa alama 20, tunapendekeza: ujumbe na picha 7, mizani 4, vina 3, kituo 3, lugha 3. Shairi lenye mizani kamili na lisilo na jambo la kusema lisivuke 12. Lenye jambo la kusema na vipande viwili vilivyopungua silabi lisishuke chini ya 13, na mtunzi arudishiwe avijaze kabla ya alama kuingia kwenye orodha.